Kiongozi Anapovunja Dhamiri Yake: Mwongozo Kamili wa Kuandika Uamuzi Mchungu katika Hadithi za Kisayansi

Hadithi nyingi za kubuni za kisayansi humfikisha kiongozi mahali pale pale: chombo kimeharibika, adui anakaribia au hewa inakwisha, na mtu mmoja aliyekabidhiwa mamlaka analazimika kuamua jambo ambalo jana yake angelilaani. Msomaji amekwisha kukutana na hadithi hizo mara nyingi, ndiyo maana hazimtikisi tena kwa urahisi. Nyingi huanguka kwa sababu mwandishi anampenda kiongozi wake kupita kiasi. Anaogopa kumwacha na hatia, kwa hiyo anaupanga ulimwengu mzima ili tendo ovu lionekane kuwa halikuepukika, kisha anamwombea kiongozi msamaha hata kabla msomaji hajakasirika.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaeleza jinsi ya kujenga uamuzi ambao kiongozi angeweza kuuepuka, akaufanya kwa sababu anazoziamini kwa dhati, na ambao bei yake inalipwa na watu ambao msomaji amewafahamu. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa kanuni isiyo na mfano husahaulika upesi: kituo cha watu 60 wanaochimba barafu kwenye sayari ya Mirihi, ambacho mkuu wake tumwite Raya.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu kabla ya kuandika sentensi

Faida kubwa ya hadithi za kisayansi ni kwamba uhaba unaweza kupimwa. Katika riwaya ya kawaida kiongozi anaweza kusema kwamba hali ni mbaya na msomaji akamwamini au asimwamini. Katika hadithi ya kisayansi hali hiyo ina uzito, muda na kiwango, na mwandishi aliyefanya hesabu mapema huona mambo ambayo hisia peke yake haiwezi kumwonyesha.

Chukua oksijeni. Wapangaji wa safari za anga hukadiria kwamba mtu mzima hutumia takriban kilo 0.84 kwa siku. Watu 60 wa kituo chetu, basi, wanahitaji kilo 50.4 kila siku. Tuseme mtambo unaotenganisha maji ili kupata oksijeni umepata hitilafu isiyoweza kurekebishwa pale kituoni, na sasa unazalisha kilo 36 tu kwa siku. Akiba iliyopo ni kilo 1,400. Chombo cha msaada kitafika baada ya siku 140.

Mahitaji ya siku 140 ni kilo 7,056. Mtambo mbovu utatoa kilo 5,040, na ukiongeza akiba unapata kilo 6,440. Pengo ni kilo 616. Kwa kuwa mtu mmoja angetumia kilo 117.6 katika kipindi hicho chote, pengo hilo ni sawa na hewa ya watu watano na kidogo. Yaani, hesabu kavu inasema kwamba watu sita wamezidi.

Mwandishi mwenye haraka angeishia hapo, akaandika kisa cha kuwachagua sita watakaokufa. Endelea kuhesabu. Kilo 616 ni chini ya asilimia 9 ya mahitaji yote. Mtu anayechimba barafu hutumia oksijeni nyingi zaidi kuliko mtu aliyelala, kwa hiyo uchimbaji ukisimamishwa siku ya kwanza, na kila mmoja akapunguza shughuli zake kidogo, watu wote 60 wataishi. Sasa mpe kiongozi siku 70 za ukimya. Kila siku akiba imepungua kwa kilo 14.4, zimebaki kilo 392, na mbele kuna siku 70 nyingine. Pengo bado ni zile kilo 616, lakini muda wa kulifidia umepungua kwa nusu: asilimia 9 imekuwa asilimia 17 na nusu, na watu sita waliozidi wamekuwa 11.

Wahenga walikwisha kutuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hesabu hii inauonyesha ukuta huo ukipanda tofali kwa tofali, na inakupa kitu ambacho hukukipanga: hatia ya Raya haipo katika siku ya uamuzi mkubwa peke yake, imesambaa katika siku 70 ambazo hakusema neno. Nimeona rasimu nyingi zikibadilika kabisa mara tu mwandishi alipokubali kukaa na kalamu na kujumlisha. Tafadhali usiiruke hatua hii hata kama hupendi hesabu. Uhaba wako unaweza kuwa wa dawa, wa nafasi ndani ya chombo au wa muda kabla ya jua kulipuka, lakini lazima ujue ni kiasi gani, unapungua kwa kasi gani, na nani ana uwezo wa kuupunguza.

Hatua ya pili: acha mlango mmoja wazi

Mwaka 1954 jarida la Marekani Astounding Science Fiction lilichapisha hadithi fupi ya Tom Godwin iitwayo The Cold Equations. Rubani wa chombo kidogo kinachopeleka dawa kwenye sayari ya mbali anagundua kwamba msichana amejificha ndani. Mafuta yamepimwa kwa uzito wa rubani na mzigo tu. Msichana akibaki, chombo kitaanguka na wagonjwa wanaosubiri dawa watakufa. Mhariri wa jarida, John W. Campbell, aliirudisha rasimu mara kadhaa kwa sababu Godwin alikuwa akibuni njia za kumwokoa msichana, naye Campbell alitaka afe.

Hadithi hiyo ina nguvu, na bado inasomwa. Lakini kwa miongo mingi wasomaji wameuliza maswali ambayo yenyewe haiyajibu vizuri. Ni nani aliyesanifu chombo kisicho na akiba hata kidogo? Kwa nini chombo ambacho mgeni mmoja anaweza kukiangamiza kililindwa kwa bango tu? Sheria za fizikia zinabeba lawama yote, huku waliokaa ofisini wakapitisha mpango huo wasionekane. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye somo kwa mwandishi wa leo: milango yote ikifungwa na maumbile, kilichobaki ni msiba, na msiba hauhitaji kiongozi.

Kwa hiyo funga milango mingi kwa uaminifu, kisha uache mmoja. Mlango huo uwe wa kweli, uwe na gharama, na gharama yake imwangukie kiongozi kwanza. Kwa Raya, mlango ni kusema ukweli siku ya kwanza. Gharama yake ni kusimamisha uchimbaji, na uchimbaji usipokamilika kabla ya chombo cha msaada kufika, wafadhili walio Duniani watakifunga kituo ambacho amekitolea miaka yake kumi. Zaidi ya hapo, miaka miwili iliyopita kengele ya hatari ililia, watu wakakimbilia mlango mmoja, na kijana mmoja akakanyagwa hadi kufa. Raya alijifunza siku ile kwamba habari mbaya inaweza kuua. Amejifunza jambo la kweli, na analitumia mahali pasipofaa. Ukimpa kiongozi sababu ya kweli isiyotosha, msomaji atamwelewa bila kumkubalia.

Jihadhari na milango ya uongo. Waandishi wengi husingizia umbali: hakukuwa na nafasi ya kuuliza Duniani. Ujumbe wa redio kutoka Mirihi hadi Duniani huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 hivi, kutegemea mahali sayari hizo mbili zilipo. Hata katika hali mbaya zaidi, swali na jibu vitakwenda na kurudi ndani ya saa moja, isipokuwa katika majuma machache ambayo Jua linakaa katikati. Kiongozi mwenye siku 140 hawezi kujificha nyuma ya dakika 44. Kama ni lazima awe peke yake, mpeleke mbali zaidi, kwenye nyota ambayo jibu litachukua miaka. La sivyo, kiri kwamba alichagua kutouliza, jambo ambalo lina utamu wake katika hadithi.

Hatua ya tatu: taja anachokiapia

Andika kwenye karatasi ya pembeni jambo moja ambalo kiongozi huyu, kabla ya hadithi kuanza, angesema hatalifanya kamwe. Lionyeshe mapema katika tendo dogo, na usimwache alitangaze kwa hotuba. Raya hula baada ya wafanyakazi wote kula, naye anajua majina ya watoto wa kila mchimbaji. Hiyo inatosha. Kiongozi asiye na mwiko hana cha kuvunja.

Hatua ya nne: mteremshe ngazi kwa ngazi

Mtu mwema haruki kutoka kwenye uaminifu hadi kwenye kifo cha wenzake kwa hatua moja, na msomaji hatakubali ukimrusha. Anateremka kwa ngazi fupi fupi, na kila ngazi inaonekana jambo la busara kwa mtu aliyekwisha kusimama kwenye ile iliyotangulia. Kazi yako ni kuzipanga ngazi hizo na kuhakikisha kwamba hakuna hata moja ambayo msomaji anaweza kusema kwa hakika, "Hapa ndipo ningekataa."

Siku ya kwanza Raya anamwomba Sudi, mhandisi wa hewa, asubiri saa 24 ili vipimo virudiwe. Ombi hilo ni halali. Mhandisi yeyote makini angerudia vipimo. Siku ya tatu vipimo vimethibitika, naye anasema wasubiri hadi wapate mpango wa kuwaeleza watu, kwa kuwa habari bila mpango huzaa taharuki. Siku ya tisa anaandika kwenye daftari la kituo kwamba mtambo "unaangaliwa kwa karibu", na sentensi hiyo ni ya kweli. Siku ya 20 Sudi anakosa usingizi na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka mezani, kwa hiyo Raya anamhamishia zamu ya usiku, kwa afya yake. Siku ya 41 mchimbaji mmoja analalamika kuumwa kichwa, na daktari, ambaye hajaambiwa lolote, anampa dawa ya maumivu.

Siku ya 70 anafikia ngazi ya mwisho. Kilomita 90 kutoka hapo kuna kituo cha zamani kilichoachwa, chenye mtambo mdogo wa hewa ambao haujakaguliwa kwa miaka minne. Raya anaagiza kundi la pili la uchimbaji, watu 11, waende kukifufua. Anawaambia kwamba ni kazi ya maandalizi ya upanuzi. Hawaui. Anawapa hatari yake waibebe wao, akiwa na matumaini ya kweli kwamba mtambo ule utafanya kazi. Ukitazama kwa makini, utaona kwamba hata siku hii mlango bado haujafungwa: watu 60 wakilala na kupumzika wanaweza kupunguza matumizi kwa zaidi ya asilimia 17 na nusu. Ila sasa, ili aufungue, lazima kwanza akiri siku 70 za uongo. Aibu imekuwa kufuli nzito kuliko uhaba.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Katika hadithi ya namna hii irefushe, kwa sababu urefu wake ndio unaompa msomaji nafasi ya kutembea na kiongozi na kushtuka amefika wapi.

Hatua ya tano: sikiliza sarufi ya kiongozi

Hapa Kiswahili kinatupa zana kali, na ninasikitika kuona waandishi wetu wakiziacha zimelala. Kiongozi anayeanza kuikimbia dhamiri yake hubadilisha kwanza vitenzi vyake. Mwanzoni husema "nimeamua". Baadaye husema "tumeamua", ingawa hakuna mwingine aliyekuwepo chumbani. Mwishowe husema "imeamuliwa", "hatua stahiki zimechukuliwa". Kauli ya kutendwa humfuta mtendaji bila kuacha alama, na kila msomaji aliyewahi kusoma barua ya kiofisi iliyomnyima haki yake anaijua ladha ya lugha hiyo. Usimweleze msomaji kwamba Raya anaanza kukwepa lawama. Badilisha viambishi, sura baada ya sura, na masikio ya msomaji yatatambua yenyewe.

Tazama pia ngeli. Siku ya kwanza Raya anasema "wachimbaji wangu wanalala". Siku ya 60 anasema "vile vitanda 11 vya bweni la kusini vinatumia hewa nyingi". Watu wametoka katika ngeli yao na kuingia katika ngeli ya vitu, na hakuna aliyepiga kelele. Nadhani badiliko hilo dogo lina uzito kuliko kurasa tano za mawazo ya ndani.

Hatua ya sita: mpe mpinzani hoja iliyo bora, kisha mpe doa

Sudi anapaswa kuwa sahihi katika jambo kuu. Andika hoja yake kana kwamba wewe mwenyewe unaiamini, maana mpinzani dhaifu ni njia nyingine ya kumsafisha kiongozi. Anasema kwamba watu wana haki ya kuijua hewa wanayoivuta, na kwamba taharuki ya miaka miwili iliyopita ilitokea kwa sababu watu walishtukizwa, hivyo ukimya unaandaa taharuki kubwa zaidi. Raya hana jibu la hoja hiyo. Anayo mamlaka tu.

Lakini Sudi naye alinyamaza. Alikubali saa 24, kisha siku tatu, kisha zamu ya usiku. Uongozi mbaya huhitaji watu wa kawaida wanaokubali kidogo kidogo, na hadithi itakayompa kiongozi lawama yote itakuwa imewadanganya wasomaji kuhusu jinsi mamlaka yanavyofanya kazi. Daktari aliyetoa dawa bila kuuliza, karani aliyenakili takwimu asizozielewa, wafadhili waliotaka barafu kwa tarehe fulani: kila mmoja apate angalau mstari mmoja.

Hatua ya saba: lipisha bei, na uendelee kuilipisha

Mwaka 1973 mwanafalsafa wa Marekani Michael Walzer aliandika makala maarufu kuhusu mikono michafu katika siasa. Hoja yake ni kwamba kiongozi anaweza kufanya jambo lililo bora kwa watu wake na bado akawa ametenda kosa. Na kwamba tunamtambua kuwa mtu wa maadili kwa sababu anajua mikono yake ni michafu na hajifanyi kuwa imetakata. Mwandishi wa hadithi anaweza kuisoma hoja hiyo kama maelekezo ya ufundi: matokeo mazuri yasifute kosa, na kosa lisifute matokeo mazuri. Viweke vyote viwili mezani, viendelee kukaa hapo.

Mfano ninaoupenda ni kipindi cha mwaka 1998 cha tamthilia ya televisheni Star Trek: Deep Space Nine kiitwacho In the Pale Moonlight. Kapteni Sisko anashiriki katika kughushi ushahidi ili dola jirani iingie vitani upande wake, na njama hiyo inaishia kwenye mauaji. Mpango unafanikiwa. Kipindi chote ni ungamo lake anaporekodi kumbukumbu yake binafsi kwenye kompyuta, akijishawishi kwamba anaweza kuishi na alichokitenda, kisha anaamuru rekodi nzima ifutwe. Hakuna mahakama wala adhabu. Mtazamaji peke yake ndiye anayebaki na ushahidi, na uzito unahamia kwake.

Katika kituo chetu, tuseme mtambo wa kituo cha zamani unafanya kazi kwa siku 50, kisha unazimika. Kati ya watu 11, wanne wanakufa kabla ya wenzao saba kufanikiwa kurudi. Watu 56 wanakilaki chombo cha msaada. Usikimbilie kumfichua Raya wala kumtunuku nishani. Andika kwanza asubuhi moja ya kawaida: mpishi anapanga sahani 60 kwa mazoea, anasimama, anaziondoa nne. Andika kikao ambacho mmoja wa wale saba anauliza swali la kiufundi kuhusu tarehe ya hitilafu, bila shutuma, na Sudi anatazama sakafu. Andika pia wale waliopona kwa sababu ya agizo lile, wanaogundua kwamba wanavuta hewa iliyonunuliwa na wengine bila wao kuulizwa. Wana haki ya kukasirika, hata kumkasirikia aliyewaokoa.

Kisha ruka mbele, jambo ambalo hadithi za kisayansi zinaliruhusu kuliko aina nyingine yoyote ya hadithi. Miaka 30 baadaye kituo kimekuwa mji. Katika kanuni zake za dharura kuna kifungu kinachompa mkuu mamlaka ya kuzuia takwimu za hewa "kwa maslahi ya utulivu". Hakuna anayekumbuka kilikotoka. Mkuu mpya, kijana, anakisoma kwa mara ya kwanza usiku ambao kipimo kimeshuka. Ukiukaji wa dhamiri ya mtu mmoja umegeuka utaratibu wa ofisi, na anayeurithi hana hata ile hatia iliyomfanya Raya aendelee kuwa binadamu.

Hatua ya nane: isome rasimu kama shahidi wa upande wa pili

Rasimu ikikamilika, ipitie ukiwa mmoja wa wale wanne. Tafuta kila mahali ambapo kifo chako kimeelezwa kwa kauli ya kutendwa na mwandishi mwenyewe, si mhusika, na uparekebishe. Angalia kama jina lako limetajwa angalau mara mbili kabla hujafa, na kama ulikuwa na jambo ulilolitaka lisilohusiana na hadithi ya kiongozi. Hesabu mara ambazo mhusika mwingine anamwambia Raya kwamba hakuwa na njia nyingine. Ikiwa ni zaidi ya moja, mwandishi ndiye anayesema, na sentensi hizo ziondoke.

Mwisho, chukua ukurasa ambao Raya yuko peke yake baada ya yote, na uangalie kama umemwekea machozi. Mara nyingi tunayaweka ili msomaji amsamehe. Yafute, kisha mrudishe kwenye kazi ambayo angeifanya usiku huo kwa vyovyote: anasoma kipimo cha hewa na kuandika namba sahihi kwenye daftari.